Bata mzinga wadogo Goma: jiwe la moto, sambaza na mkia unaodanganya

Hapa Goma utaambiwa vifaranga wa bata mzinga ni wa kufa tu. Uongo. Wanakufa kwa baridi, kwa njaa chakula kikiwa mbele yao, na kwa kuchanganywa na kuku. Wangu wanakua.

Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Balbu si ya kutegemea, umeme unakatika unavyotaka. Babula, yaani jiko la makala (makaa), ndani ya chumba kilichofungwa inaua vifaranga na mwenye nyumba pia. Mimi natumia mawe, ambayo mji huu haujawahi kukosa. Chagua jiwe la volkano lililo zito, si lile la matundu matundu, na liwe kavu kabisa, maana lenye maji ndani hupasuka motoni. Jioni, chakula kikishaiva, nalifukia kwenye makala yaliyobaki mpaka lishike moto vizuri. Linaingia kwenye sufuria kuukuu yenye majivu, kifuniko juu, gunia kuzunguka, halafu katikati ya boksi la vifaranga. Kabla ya kulala naweka jingine. Vifaranga wenyewe ndio kipimo: wakirundikana kwenye sufuria wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wamezidiwa na joto. Chini tandika maranda, si gazeti. Linateleza na miguu inatanuka.

Kula hawajui. Chovya mdomo wa kila mmoja majini, kisha weka gololi za kioo ndani ya chombo cha maji, kubwa wasizoweza kumeza. Wanadonoa kinachong'aa, wanakunywa, na hawazami. Chakula cha kuku peke yake hakiwatoshi, kwa sababu wanahitaji protini karibu asilimia 28. Naongeza unga wa sambaza (samaki wadogo kama dagaa wa Ziwa Kivu) waliokaushwa bila chumvi, soya iliyokaangwa na kusagwa, yai la kuchemsha na lenga-lenga (mchicha) iliyokatwa ndogo sana. Gharama si ya kutisha.

Kuna wanaoshauri uweke vifaranga wa kuku wawafundishe kula. Asante, hapana. Kuku hubeba ugonjwa wa kichwa cheusi kupitia minyoo yao na wenyewe hawasumbuki sana. Bata mzinga anaharisha manjano, anakufa. Mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni miaka, kwa hiyo hata uwanja wa zamani wa kuku uuepuke.

Sasa dume na jike. Muuzaji atakuapia kwamba anayetandaza mkia ni dume. Majike wadogo nao wanatandaza! Ndevu za kifuani nazo huchelewa, na majike wengine huziota. Subiri miezi mitatu au minne, uangalie mambo kadhaa pamoja: dume ana miguu minene, kichwa kisicho na manyoya chenye vinyama vingi, na kile kinyama cha juu ya mdomo kirefu. Jike ana manyoya madogo yanayopanda shingoni kwa nyuma hadi kisogoni. Kwa wale weusi wa shaba, manyoya ya kifua cha dume yanaishia na nyeusi, ya jike na weupe au kahawia. Kwa weupe alama hiyo haipo. Mlio wa guluguluguluu ni wa dume peke yake. Asubuhi tazama kinyesi: cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni, cha jike kimejikunja pamoja.

Nikiwa na uhakika nabakiza dume 1 kwa majike 8 hivi. Madume wengine wanangoja Desemba, bei ikipanda.