Maji ya kwanza hayamwagwi ovyo

Oktoba 2014 parokia yetu hapa Busia, Uganda, ilikuwa kwenye pilikapilika za jubilei ya miaka 50 tangu Mashahidi wa Uganda watangazwe watakatifu. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kule Roma tarehe 18 Oktoba 1964, wale 22 waliouawa kwa ajili ya imani yao, kina Karoli Lwanga na kijana mdogo Kizito. Mimi nilikuwa na miaka 23, nimemaliza chuo, kazi bado, basi wakanipa ukatibu wa kamati maana najua kuchapa kwenye kompyuta na Jumapili napenda kusoma somo kwenye maiki. Kazi yangu kubwa ilikuwa listi. Listi ya watu watakaoitwa mbele mwisho wa Misa wapewe sertifiketi ya shukrani, iko ndani ya fremu, na muhuri wa parokia chini.

Niliifanyia kazi listi ile wiki mbili nzima. Aliyetoa mabati, aliyetoa saruji, mwenye lori lililoleta mchanga, wenyeviti wa jumuiya, viongozi wa kwaya, mama mmoja mfanyabiashara aliyenunua kitambaa kipya cha altare kutoka Nairobi, kizuri sana kile kitambaa, kina misalaba ya dhahabu pembeni. Majina 38. Kila jina nimelihakikisha herufi kwa herufi maana watu wetu ukikosea jina lao siku kama ile utalisikia mwaka mzima.

Sasa Alhamisi moja, wiki kama moja na nusu kabla ya sherehe, Sista anayesimamia sakristia, kile chumba cha vifaa vya Misa, akaniita akaniambia binti, nenda kwa Jajja ukamtekee maji leo, mjukuu wake yuko P7 na mtihani wa PLE wa kumaliza shule ya msingi uko mlangoni, tumwache asome. Nikauliza Jajja yupi, maana kwetu kila bibi ni Jajja. Akasema yule wa mukene.

Nilimjua. Kila mtu sokoni anamjua, anakaa na gunia lake la mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kutoka Majanji, ameutandaza, anapima na kikopo. Na nitasema ukweli hapa ingawa unaniuma mpaka leo, kanisani nilikuwa nikimwona amekaa kwenye benchi mimi natafuta benchi lingine, kwa sababu ya ile harufu ya samaki. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza huyu bibi anaenda sakristia kila Jumapili baada ya Misa ya pili kufanya nini. Nilifikiri anaenda kuomba msaada.

Nikafika kwake saa nane mchana nimebeba jerikani mbili. Nyumba ya matope imepakwa vizuri, uwanja umefagiwa. Marehemu mume wake alikuwa boda wa baiskeli wa zile enzi za mwanzo, anavusha watu kati ya Kenya na Uganda, maana jina lenyewe boda boda lilizaliwa kwenye mipaka yetu hii, na ile baiskeli bado imeegemea ukuta haina tairi. Nikamsalimia kwa kupiga magoti, akaniambia karibu mwanangu, weka jerikani kivulini, halafu akaingia ndani akatoka na limau na majivu kwenye kigae.

Akaanza kunawa. Bwana we, sijaona mtu akinawa hivo. Majivu kwanza, mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha, akasuuza, kisha limau, akasuuza tena, akanusa mikono yake, akarudia. Akaniambia na wewe nawa. Mimi nikasema Jajja mimi nimeoga. Akasema sijakuuliza kama umeoga, nawa.

Ndo akaleta beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, limefunikwa kitambaa, linakaa peke yake, halioshi nguo ingine wala sahani wala mtoto. Ndani mlikuwa na vitambaa vya altare vya wiki nzima, vile vidogo Fada anavyofutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, taulo ndogo za kunawia mikono, na zile korporale zinazotandazwa chini ya kalisi na sahani ya Ekaristi, ule mkate ambao sisi Wakatoliki tunaamini ni mwili wa Kristo. Nilihesabu vya kufutia kalisi vilikuwa kumi na moja. Nikanyoosha mkono kuchukua sabuni. Akanishika.

"Bado. Kwanza maji matupu."

Akamimina maji, akavilowesha taratibu, hakusugua, anavizungusha tu kwa vidole kama mtu anayeamsha mtoto. Akavitoa akavikamua kidogo, halafu akalibeba lile beseni na maji yake kwa mikono miwili mpaka nyuma ya nyumba, magoti yanamsumbua lakini hakuniruhusu nimpokee. Nyuma kule kuna sehemu ndogo imezungushiwa mawe, imeota maua mekundu, kuku hawaingii na watoto wote wa pale wanajua hapakanyagwi. Akainama akamwaga pole pole kwenye shina la maua. Akasimama kidogo, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali, sikuuliza.

Akageuka akaniambia, "Humo kunaweza kuwa na chembe. Hata moja ndogo huioni, ni Yeye. Utamwaga Bwana kwenye mtaro?"

Mimi nimesoma shule za kanisa tangu P1 mpaka S6. Nimefundishwa Ekaristi, nimeandika kwenye karatasi ya mtihani nikapata alama nzuri. Lakini nilikuwa sijawahi kuona mtu anayeamini vile, mpaka anajenga ua wa mawe kwa ajili ya maji ya kusuuza kitambaa.

Baada ya hapo ndo kazi yenyewe. Sabuni ya mche, kusugua, kusuuza mara tatu, ndo maana jerikani mbili hazikutosha nikarudi kisimani mara mbili zaidi na foleni ilikuwa ndefu na ile pampu nzito. Kitambaa kikubwa cha altare kilikuwa na nta ya mshumaa imeganda, hicho hicho kipya cha Nairobi, kilitumika mara moja tu Fada alipotaka kuona kinavyokaa na tayari kimemwagikiwa. Akaikwangua na kijiko, akaweka karatasi ya mfuko wa sukari juu na nyingine chini, akapitisha pasi, nta ikaingia kwenye karatasi yote. Akatengeneza wanga kwa unga wa muhogo, uji mwepesi kabisa, akauchuja na kitambaa, akachovya humo. Pasi ni ya mkaa. Ile pasi kila baada ya muda anaenda nayo mbali kule uwanjani kupuliza majivu, maana cheche moja tu ikidondoka imekula kitambaa. Akanionyesha korporale moja iliwahi kuungua kidogo, akaishona kwa uzi mweupe, nilitafuta mahali penyewe nisipaone mpaka aliponiwekea kidole.

Na kukunja. Hapo ndo alinichosha. Korporale inakunjwa mara tatu huku, mara tatu kule, inatoka miraba tisa, na inakunjwa kwenda ndani, ili Fada akimaliza Misa akiikunja tena zile chembe zibaki ndani zisidondoke. Nilikosea mara nne. Kila nikikosea anaifungua, anainyoosha kwa kiganja, ananirudishia bila kusema kitu.

Nikamuuliza umeanza lini kazi hii Jajja. Akasema tangu mwaka ule Papa Yohane Paulo alipokuja Uganda. Hiyo ni 1993! Miaka 21, kila wiki. Nikauliza nani ananunua mkaa, akaangalia pembeni, akasema mukene unanunua. Sabuni je? Sista analeta ikipatikana. Isipopatikana? Mukene.

Nikamwambia hapo hapo, Jajja mimi ndo katibu, nakuweka kwenye listi, utaitwa mbele Jumapili ya jubilei upewe sertifiketi. Nilisema nikifikiri atafurahi. Aliweka pasi chini.

"Mwanangu, Mapeera alipofika Entebbe alikuwa na nani?"

Nikasema na Bruda Amansi. Hilo kila mtoto wa Kikatoliki Uganda analijua, Padri Lourdel ambaye watu walimwita Mapeera na Bruda Amansi walifika na mtumbwi tarehe 17 Februari 1879.

"Mapeera tunamwimba. Hata Kampala lile jengo refu wameliita jina lake. Amansi alikuwa bruda tu, haadhimishi Misa. Lakini Mapeera alikuja na nani?" Kisha akasema, "Mimi usiniite. Nikiitwa mbele, Jumatatu watu wataanza kuja kuangalia nafua vipi. Ukitaka kunisaidia lete mkaa. Na ulete msichana mmoja ajifunze, macho yangu yanaanza kukataa, nisije nikaacha doa."

Mimi sikumsikiliza, nilienda kwenye kamati nikaomba jina lake liongezwe, nikaeleza kila kitu, maua, mawe, wanga. Mzee mmoja akasema tukianza na wanaofua itabidi tuwaite na wanaofagia na wanaochota maji, tutamaliza lini? Wengine wakacheka kidogo, wakaendelea na habari ya mahema. Nilikasirika mpaka nikatetemeka. Na bado naona yule mzee alikosea sana. Kumshukuru aliyetoa saruji ni vizuri, sina neno, lakini kanisa likishazoea kumwona mtu kwa kiasi alichotoa kwenye bahasha basi linapofuka, na upofu huo nilikuwa nao mimi mwenyewe mwenye listi mkononi, miaka mingi kabla yake.

Siku ikafika. Misa ilianza saa nne, ngoma, kwaya tatu, vikapu vya matoleo, kuku, ndizi, magunia ya muhogo, mnada baada ya komunyo ulivyonoga hata jogoo mmoja aliuzwa mara tatu maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Ndo nikaitwa kwenye maiki na listi yangu. Nilisimama upande wa altare, karibu kabisa, na kile kitambaa kilikuwa mbele ya macho yangu, cheupe mpaka kinaumiza macho, misalaba ya dhahabu imenyooka. Nikasoma. Mabati, makofi. Saruji, makofi na vigelegele. Nikafika kwa mama wa kitambaa, na mwenyekiti akachukua maiki kwangu akasema waumini hebu tazameni altare yetu inavyong'aa leo, mpigieni mama makofi ya nguvu! Kanisa zima likasimama.

Nikatafuta kwa macho. Jajja alikuwa nyuma karibu na mlango, amekaa kwenye mkeka, na yeye anapiga makofi. Anapiga kweli, kwa furaha, anatazama altare. Nilirudishiwa maiki nikashindwa kuendelea, sauti ilikata, watu wakadhani ni spika. Nilitamani kulitaja jina lake kwa nguvu. Nikakumbuka alivyoweka ile pasi chini. Nikameza mate nikasoma la ishirini na tisa, la thelathini, mpaka la mwisho.

Watu walipoenda kwenye mahema kula, mimi niliingia sakristia nikamwambia Sista nipe vitambaa vya leo. Akanitazama, akanipa bila neno, nikavifunga kwenye kitambaa safi. Nikapita sokoni nikanunua gunia la mkaa kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya viatu, nikamwomba boda anibebee, vitambaa nimevishika mwenyewe kifuani.

Alikuwa ameshafika, amevua gomesi ya kanisani, amevaa leso ya nyumbani. Akaona gunia, akaona kifurushi.

"Umewaita wote?"

"Nimewaita wote wa kwenye listi, Jajja."

"Vizuri. Na msichana wa kujifunza umemleta?"

Nikamwambia ndiye mimi. Hakusema asante wala hakushangaa, aliingia ndani akatoka na limau, akalikata, akanipa nusu. Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nikavilowesha kwa maji matupu, pole pole, na safari hii beseni akaniachia nilibebe mimi, yeye akatangulia mbele amejishika magoti, ananionyesha nipite wapi nisikanyage mawe.