Chunusi za kidevuni, vipele vya mgongoni na joto la Tanga

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba, mtu wa Tanga anaoga alfajiri na ikifika saa nne nguo imeshagandana na mgongo. Huo ndio msimu wa vipele vya mgongoni na kifuani, na ndio msimu ambao wengi hujitibu ugonjwa usio wao. Tunaita vyote “vipele”, kumbe ni vitu viwili, na dawa ya kimoja inaweza kukichochea kingine.

Cha kwanza ni chunusi zenyewe. Homoni za androjeni, zinazoitwa za kiume ingawa wanawake pia wanazo, huzisukuma tezi za ngozi zitoe mafuta mengi. Mafuta yakikutana na ngozi iliyokufa, kinyweleo huziba, bakteria hustawi ndani, na mahali pale huvimba. Kwa mwanamke mtu mzima hukaa zaidi kwenye taya, kidevu na shingo. Huwa za ndani, zinauma ukizigusa, na huzidi kama wiki moja kabla ya hedhi. Ukichunguza utakuta mchanganyiko: vichwa vyeusi, vyeupe, vya usaha, na uvimbe mgumu usio na mdomo.

Cha pili ni fangasi wa vinyweleo. Vipele vyake ni vidogo, vimelingana kama vimepimwa, vinawasha hasa ukitoka jasho, na huoni vichwa vyeusi kati yake. Fangasi huyu yupo kwenye ngozi ya kila mtu; joto, jasho na mafuta ndivyo vinavyompa nguvu. Ukimeza antibayotiki, unawaua bakteria wanaomzuia, naye anapata uwanja. Ndiyo maana mtu anamaliza dozi ya doksisaiklini na mgongo unazidi kuharibika. Ukihisi ni yeye, nunua shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Ipake mgongoni na kifuani, subiri dakika 5 hadi 10, kisha suuza. Fanya hivyo mara 3 kwa wiki kwa wiki 3 au 4. Kuwasha kukitulia na vipele vikisinyaa, umeshapata jibu. Wapo walio na vyote viwili, hao watahitaji dawa zote mbili.

Kwa chunusi, anza na benzoili peroksaidi. Usoni asilimia 2.5 inatosha; kuitafuta ya 10 ni kujiongezea kuungua bila faida ya maana. Mgongoni tumia ya 5 wakati wa kuoga: paka, hesabu dakika 5, suuza vizuri. Inachujua rangi ya nguo. Kanga, taulo, shuka na hata kola ya buibui vitapata mabaka, kwa hiyo tenga taulo jeupe la kazi hiyo.

Usiku paka adapalini ya asilimia 0.1. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadonoa dawa juu ya chunusi iliyokwisha kutokea, ilhali kazi ya adapalini ni kuzuia kinyweleo kisizibe, kwa hiyo inapakwa eneo zima. Anza na siku 3 kwa wiki, maana ukianza kila siku uso utabanduka na utaiacha. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuongezeka. Ipe wiki 12 ndipo uhukumu. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie. Kwake kuna asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo pia hufifisha madoa meusi.

Sasa mkorogo. Naomba hili lisikike vizuri, dada zangu. Krimu nyingi za kuchanganya zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kama betamethasoni au klobetasoli. Siku za mwanzo uvimbe unashuka na uso unang'aa, kwa hiyo unaamini umepona. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba na vipele vipya vinatoka kwa wingi. Ukiacha ghafla, vinalipuka. Hidrokwinoni na zebaki, za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini kopo lisilo na lebo halikuambii lina nini.

Limao na dawa ya meno vinaunguza, na kwenye ngozi yetu kila palipoungua hubaki doa la miezi. Dodoki na singo ya kusugua vipumzishe mpaka ngozi itulie. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele, tena mbali na paji la uso. Mgongo uoshe mwisho, baada ya kusuuza nywele. Jezi ya mpira na buibui zito lenye jasho visikaukie mwilini.

Kuna chunusi zisizosikia dawa ya kupaka. Sindano ya miezi mitatu na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinaweza kuzizidisha kwa baadhi ya wanawake. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kabla hujaacha. Hedhi ikiruka miezi, ndevu zikiota na uzito ukipanda, omba uchunguzwe ovari na homoni. Daktari anaweza kukupa vidonge vyenye estrojeni au spironolaktoni, dawa ambayo haitumiwi kwenye ujauzito. Usisubiri pia kama chunusi zinaacha mashimo, au makovu ya kifuani yanaota nyama. Anzia hospitali ya Bombo, hapa Tanga. Kwa kesi ngumu, hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ina kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992. Beba makopo yote uliyowahi kupaka, hata lile la mkorogo lisilo na jina.