Yethro Alikuja, Akafundisha, Akaenda Zake

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Kutoka 18:13-27. Musa ameketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na foleni haiishi. Mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani aliyekuja kumtembelea, anamwambia wazi: "Huwezi kulifanya peke yako." Anamshauri achague watu waaminifu wawe wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, waamue mambo madogo na kumletea Musa yaliyo makubwa.

Sura hii naisoma kila ninapojiandaa kwenda kujitolea nje ya nchi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, na ninachoitiwa huko ni kuwafundisha wauguzi na matabibu wa vituo vya afya. Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitibu tu wagonjwa wengi kadiri niwezavyo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili, na katika nchi za kipato cha chini wahudumu wa fani hii hawafiki 2 kwa kila watu 100,000. Nitatibu wangapi mimi? Mwaka 2008 shirika hilo lilianzisha mpango wa mhGAP, ambao humwezesha mhudumu asiye bingwa kutambua na kutibu sonona, saikosisi (hali ya mtu kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwapo) na kifafa, na kutoa rufaa kwa yaliyo mazito. Hao ndio wakuu wa hamsini na wakuu wa kumi wa Yethro.

Tazameni kisa kinachotokea mara nyingi. Kijana anayesikia sauti ameanzishiwa haloperidoli, dawa ya saikosisi. Baada ya siku moja au mbili shingo inapinda, macho yanakwama juu, taya linakaza. Nyumbani wanasema pepo amepanda, na dawa inatupwa. Muuguzi aliyefundishwa anajua kwamba hayo ni madhara ya dawa. Anamchoma sindano ya biperideni, dawa ya kuondoa mkazo huo wa misuli, shingo inalegea, kisha anaketi na mama yake na kumweleza kilichotokea. Na niseme kama muumini: maombi na matibabu havigombani. Mwombeeni kijana huyo, na dawa yake ameze.

Ninachompendea zaidi Yethro ni namna alivyokuja. Kabla ya kushauri neno lolote walisalimiana na Musa, wakaulizana habari, wakaingia hemani. Akamsikiliza, akala chakula na wazee. Kesho yake akatazama kazi ya kutwa nzima. Ndipo akauliza, na baada ya kuuliza ndipo akasema.

Katika mafunzo huwa tunaigiza: muuguzi mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake anamhoji. Penye swali la kujiua wengi husita, wakihofu kwamba kumuuliza mtu ni kumtia wazo hilo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole humpa nafasi ya kulisema jambo alilokuwa amelibeba peke yake. Ila maneno ya kuulizia si yangu kuyachagua. Wao ndio wanaojua mama mtu mzima anaulizwaje bila kuvunjiwa heshima. Nikinyamaza wanabishana, wanajaribu, wanayapata.

Halafu mstari wa 27: Yethro akaenda zake mpaka nchi yake. Hapo ndipo moyo wangu huwa mzito, maana mafunzo ya siku chache bila usimamizi hunyauka. Mhudumu akikwama na mgonjwa mgumu, anahitaji mtu wa kumpigia simu. Kwa hiyo tunaendelea kuzungumza juu ya wagonjwa kwa mbali, na tunawaandaa baadhi yao wawe wakufunzi, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo katika 2 Timotheo 2:2.

Wiki hii tuwaombee wahudumu hao kwa bidii: wapate wa kuwaongoza, dawa zisikatike kwenye stoo zao, na wakuu wao wawape muda wa kuketi na mgonjwa hata foleni ikiwa ndefu. Tuwaombee pia madaktari wanaofunga safari mwezi huu, Mungu awape masikio ya Yethro. Amina.