Nilivyojifunza kuufikisha ushahidi wa simu mahakamani

Nilipohamishiwa kituo kimoja cha polisi kandokando ya jiji la Kisumu, nilikuwa nimezoea vielelezo vya kushikika: panga, kufuli iliyovunjwa, gunia la mahindi. Kisha akaja mwendeshaji bodaboda wa Kondele, ambaye mwizi wa pikipiki yake alikuwa akimwandikia kwa WhatsApp, akitaka alipwe ndipo aseme ilikofichwa. Nilimwambia anitumie picha za skrini, nikazichapisha kwenye saiba ya ng'ambo ya barabara, nikadhani nimemaliza. Mahakamani wakili wa mshtakiwa aliuliza tu cheti kiko wapi. Sikuwa nacho, na hakimu akazikataa zile karatasi.

Kwa haya nyingi nilimfuata mwendesha mashtaka nje, akanifafanulia kwamba Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa hicho. Picha zangu zilikuwa zimepitia simu mbili na kompyuta ya saiba, na safari hiyo hakuna aliyeweza kuieleza.

Siku hizi naitaka simu yenyewe. Tunabonyeza *#06# mbele ya mlalamishi na kunakili tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo (simu ya laini mbili huwa na namba mbili, niliwahi kuandika moja tu, nikalazimika kumtafuta mwenyewe upya). Kisha nasoma mazungumzo kwa macho yangu, naandika saa ya kila ujumbe, nachapisha kwa mashine ninayoweza kuitolea maelezo, na kutayarisha cheti siku hiyohiyo.

Kuwafundisha wenzangu ndiko kulikonitoa jasho. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la zamu, rambirambi na vichekesho, na waraka wangu wa kurasa nne haukufunguliwa na yeyote. Nilipoyatuma yaleyale humo kama ujumbe wa sauti wa dakika mbili, askari watatu walinipigia jioni hiyo wakiwa na kesi zao mkononi. Tulikubaliana pia kwamba majina ya walalamishi na picha za washukiwa zisiwekwe humo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi, na picha ikishatoka kwenye kundi moja hairudi.

Sajini wetu mkongwe, ambaye simu yake ni mulika mwizi, ile ndogo isiyo na WhatsApp, hakuwamo kundini, hivyo nilimwonyesha hatua hizo mezani.

"Na betri ikiisha kabla hujabonyeza, kijana?" akauliza.

"Hilo sikuliwaza, afande."

Sasa droo ya meza ya OB ina chaja za aina mbili, na juu yake ukutani pamebandikwa hatua zote, alizoziandika sajini kwa mkono wake kwa wino wa buluu. Askari wapya huzisoma hapo kabla hawajaingizwa kwenye kundi.