Boti ya ski imekufa umeme wote: anzia kwenye betri, usianzie kwenye dashibodi

Unageuza ufunguo, kimya. Geji hazinyanyuki, honi hailii, feni ya ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, haizunguki. Boti ya ski iliyotumika, yaani ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji, yenye injini ya petroli ndani, iliyofungwa Shela, Lamu, tangu kusi ilipoanza kuvuma, ikifanya hivi watu wengi hukimbilia kununua betri mpya au kuchokoa nyaya chini ya usukani. Yote mawili ni kubahatisha. Mara nyingi kilichoharibika ni kiungo kimoja tu kati ya betri na dashibodi, na ukikitazama kwa macho kinaonekana kizima.

Nyingi ya boti hizi zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya maziwa ya maji yasiyo na chumvi. Hapa zinashinda kwenye mkondo wa Lamu na Manda, zikirushiwa maji ya chumvi kila siku. Chumvi iliyokauka juu ya shaba haitulii: usiku huvuta unyevu wa hewa, na shaba inaendelea kuliwa. Waya wa gari, ambao shaba yake haikupakwa bati, huliwa kwa ndani chini ya ganda. Kata sentimita mbili za ganda utaona: badala ya nyuzi zinazong'aa unakuta nyuzi nyeusi kama masizi, nyingine zinakatika kwa kucha. Kwa nje ganda bado ni jekundu na safi.

Kabla ya kushika spana, fungua kifuniko cha injini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kabisa kwenye ngama, na kazi ya feni ni kuutoa. Sasa feni haina umeme. Kwa hiyo acha kifuniko wazi nusu saa upepo upite, kisha inama unuse chini, si juu. Kukiwa na harufu, usiguse waya hata mmoja mpaka ujue petroli inatoka wapi. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Jiulize: kimekufa kila kitu, au dashibodi peke yake? Pampu ya ngama yenye boya, linaloiwasha maji yakipanda, huwa imeungwa moja kwa moja na betri kwa fyuzi yake. Nyanyua boya kwa mkono. Pampu ikizunguka kwa nguvu, betri ina uhai na tatizo liko mbele yake. Ikinyamaza au ikikoroma kichovu, shughulika na betri kwanza.

Betri iliyochajiwa ikapumzika saa kadhaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, na ikiwa 11.8 haina kitu. Usipime mara tu baada ya kutoa chaja, utaona namba nzuri ya uongo. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unatoka kwa maji moto yenye magadi na brashi, lakini vizibo viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Suuza kwa maji ya mvua, kwa sababu visima vingi vya mjini vina chumvi na utakuwa unaongeza ugonjwa. Zile nati zenye mbawa za kukazwa kwa vidole ziondoe, weka nati za spana zenye washa ya springi. Mbawa hulegea kila boti inapopiga wimbi.

Sasa linakuja jambo linalowapoteza watu wengi. Mita ya kidijitali karibu haivuti umeme wowote. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utakuonyesha volti 12.6 kamili, nawe utasema umeme upo, utaendelea mbele na kuanza kununua vifaa. Ukidai umeme wa kazi kwenye waya huohuo, hamna. Kwa hiyo tumia balbu. Chukua balbu ya taa ya mbele ya bodaboda, ya volti 12 na wati 35, iunge nyaya mbili ndefu zenye klipu. Inavuta takriban ampea 3, na hiyo inatosha kumfichua mwongo. Ianze kwenye betri yenyewe uone mwanga wake halisi, kisha uukumbuke.

Acha klipu moja kwenye hasi ya betri, nyingine uende nayo ukifuata waya mwekundu mnene. Kituo cha kwanza ni swichi kuu ya betri: gusa upande wa kuingilia, kisha wa kutokea ikiwa imewashwa. Balbu ikififia upande wa kutokea, zima kila kitu, weka nyaya zote mbili kwenye bolti moja uiruke swichi. Umeme ukirudi, umempata. Kituo cha pili ni bolti kubwa ya stata, yaani mota ya kuwashia injini. Kuanzia hapo waya mwembamba zaidi unakwenda kwenye fyuzi kuu ya injini, ambayo kwa boti hizi mara nyingi ni kitufe chekundu cha ampea 50 hivi kilichofungwa juu ya injini. Kibonyeze kwa nguvu. Baadhi ya injini za MerCruiser zina pia fyuzi ya ampea 90 kwenye bolti ya stata, na wengi hawaijui kwa sababu imejificha chini.

Kitufe kikiruka tena, usikizuie kwa kidole na usiweke fyuzi kubwa zaidi. Kuna waya mwekundu unaogusa chuma mahali. Chomoa plagi ya dashibodi. Kitufe kikikaa, kosa liko mbele kwenye dashibodi au redio iliyoongezwa na mwenye boti wa zamani. Kikiruka bado, liko kwenye injini.

Baada ya kitufe inakuja plagi kubwa ya duara inayounganisha nyaya za injini na zile za dashibodi, imebanwa kwa klempu ya mpira wa maji. Ningelazimishwa kuchagua sehemu moja tu ya kuitazama, ningechagua hii. Umeme wote wa dashibodi unapita kwenye pini moja ndogo ya waya mwekundu. Maji yakiingia, pini inashika kutu ya kijani, kutu inazuia umeme, mzuio unaleta joto, na joto linayeyusha plastiki. Kwa balbu ikiwa inawaka, vipimo vinaweza kwenda hivi: betri 12.5, stata 12.4, kitufe 12.4, ng'ambo ya plagi 7.9. Volti nne na nusu zimeishia kwenye pini hiyo. Kutoka betri hadi dashibodi usikubali kupoteza zaidi ya volti 0.36, yaani asilimia 3.

Pini yenye kutu tu isafishe kwa dawa ya kontakti na kijifaili chembamba. Ikiwa plastiki imekuwa ya kahawia, kusafisha ni kupoteza muda: kata waya huo mwekundu pande zote mbili za plagi, uunge nje yake kwa waya uliopakwa bati wa milimita mraba 6, baada ya kitufe cha fyuzi na si kabla yake. Kiungo kibanwe kwa koleo la kazi hiyo na kifunikwe kwa mrija wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi ni kuhifadhi chumvi ndani ya kiungo.

Upande wa hasi nao una haki yake. Weka klipu moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bamba la nyaya nyeusi nyuma ya dashibodi. Ikififia, rudi kwenye bolti inayoshika waya mweusi mnene kwenye bloku ya injini. Rangi na kutu chini yake zikwangue mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi au Vaseline juu.

Ukifika kwenye swichi ya ufunguo, rangi zitakusaidia: nyekundu inaleta umeme, zambarau inautoa ukiwasha, njano yenye mstari mwekundu inakwenda kwa stata. Nyekundu ikiwaka vizuri na zambarau ikawa giza ufunguo ukiwa umewashwa, badilisha swichi.

Injini ikishawaka, pima kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.4. Wakati huo usizime swichi kuu, utaunguza daiodi za alteneta, kifaa kinachochaji betri.

Kama betri inakufa kila baada ya wiki chache, weka mita ya ampea kati ya hasi na waya wake, vyote vikiwa vimezimwa. Kumbukumbu ya redio ikivuta miliampea 50, kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36, karibu nusu ya betri ya 75. Hamishia redio baada ya swichi kuu. Pampu yenye boya iache ilipo, kwenye betri moja kwa moja na fyuzi yake, maana mvua za masika zinaweza kujaza ngama usiku boti ikiwa haina mtu.