Hogo la Kulwa na plasta ya nyumba yetu Buhongwa

Wanangu ni mapacha, Kulwa na Doto. Wiki ileile fundi alipoanza kupiga plasta nyumba yetu Buhongwa, jijini Mwanza, Kulwa aliteleza kwenye mawe nyuma ya kiwanja akavunjika mkono wa kushoto, mifupa yote miwili chini ya kiwiko. Nikawa na plasta mbili za kusimamia, moja ukutani na nyingine, yaani hogo, kwenye mkono wa mtoto. Naandika nilivyofanya, maana mzazi anayejenga huku anauguza hapati wa kumwuliza yote mawili kwa pamoja.

Ubishi ulianzia nyumbani. Mama mkwe alitaka mtoto apelekwe Magu kwa mzee anayeunga mifupa. Sikumdharau, maana wapo wazee wenye mikono inayojua. Hofu yangu ilikuwa vile vijiti na kamba. Mkono uliovunjika huvimba, na ukikazwa pande zote damu haipiti. Mtu anaweza kukatwa mkono kwa sababu ya kufungwa tu, wakati mfupa wenyewe ungepona. Nikamwambia, "Mama, tupige picha kwanza tuone mfupa umekaaje, halafu tutazungumza." Picha ndiyo iliyomaliza mambo. Alipoona mifupa ilivyopandana aliguna, akajitanda kanga, akasema, "Haya, wafanye kazi yao."

Siku hiyo hawakumfunga hogo zima. Walimpa dawa ya usingizi, wakavuta mifupa ikakaa, kisha wakaweka plasta upande mmoja tu wa mkono, kuanzia juu ya kiwiko mpaka kiganjani, na kuizungushia bandeji ya kawaida ili uvimbe upate nafasi. Mzazi ukiona hivyo usidhani mtoto wako amefanyiwa nusu kazi. Hogo la kuzunguka lilikuja baadaye, uvimbe uliposhuka na picha nyingine kupigwa.

Siku ya hogo nilikaa pembeni nikamtazama yule mtaalamu wa plasta, na jicho langu lililozoea mafundi halikutulia. Alimvika mtoto soksi ya pamba mkononi, akazungushia pamba laini, akaongeza kidogo pale mfupa unapochomoza kwenye kiwiko na kifundo. Akatumbukiza rola la bandeji ndani ya beseni la maji, likatoa mapovu. Mapovu yalipokwisha akalitoa, akalikamua kwa kulishika ncha mbili, akaanza kuzungusha bila kuvuta. Kila mzunguko aliupapasa kwa kiganja. Nikamwuliza mbona hatumii vidole. Akasema kidole kinaacha kishimo, na kishimo cha nje ni kinundu kwa ndani. Kinundu kikikandamiza ngozi wiki kadhaa kinatoboa kidonda ambacho hakuna anayekiona.

Kulwa akashtuka, "Mama, inapata moto!" Mtaalamu akacheka. Ule unga wa kwenye bandeji ni jasi, jiwe lililosagwa na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi mpaka likapoteza robo tatu ya maji yaliyokuwa ndani yake. Likikutana na maji tena linayarudisha, linageuka jiwe upya, na wakati wa kugeuka linatoa joto. Ndiyo maana maji ya beseni hayawi ya moto, na hogo bichi halifunikwi blanketi wala kulazwa juu ya mto wa plastiki: joto likikosa pa kutokea linaunguza ngozi. Dakika chache tu likawa gumu, lakini tuliambiwa tulihesabu bado bichi kwa siku mbili tatu, mpaka maji ya ziada yakauke yote.

Mambo haya yana historia. Jasi hiyo Wazungu waliipa jina la Paris kwa sababu ilichimbwa pale Montmartre, kilima kilichomo ndani ya mji wenyewe. Aliyeipaka kwenye bandeji ni daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1851, na muda si mrefu Mrusi Nikolai Pirogov akawafungia majeruhi wa vita ya Krimea. Hapa kwetu jasi inachimbwa Makanya kule Same, na Itigi mkoani Singida, na sehemu yake inaingia kwenye simenti. Hilo la mwisho wengi hawalijui: bila jasi kidogo, simenti ingeganda kabla fundi hajanyanyua mwiko.

Sasa turudi kwenye nyumba. Fundi wetu ni mtu mpole, lakini kwa mambo mawili alikuwa mkali. La kwanza ni mchanga. Lori la kwanza lilileta mchanga laini wa karibu na ziwa, mzuri machoni. Alichota kiasi, akatia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiweka chini. Mchanga ulipotulia, juu yake kukalala tabaka nene la tope. "Mama Kulwa, huu ukiupiga utapasuka wote," akasema, na lori likarudi na mzigo wake baada ya dereva kulalamika sana. Tulichanganya ndoo moja ya simenti kwa tano za mchanga uliochekechwa, unene kama sentimita moja na nusu. Mchanganyiko ulioanza kuganda kwenye karai hakuruhusu vijana wake waurudishe kwa kuongeza maji, alimwaga.

La pili ni kumwagilia. Ukuta ulilowanishwa kabla ya plasta ili tofali zisinyonye maji yake, na baada ya plasta ulimwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Jua la Mwanza la saa nane si la mchezo. Simenti haigandi kwa kukauka kama watu wanavyodhani. Inaganda kwa kuyala maji polepole siku nyingi, na ikikaushwa mapema inaacha kazi njiani, inabaki ya kukwanguka kwa ukucha. Kazi hiyo ya maji nilimpa Doto, kopo lake na ndoo yake, naye akaipenda kweli.

Siku moja natoka dukani kununua misumari, namkuta Doto kasimama juu ya Kulwa na kopo. Mkono umenyooshwa kwenye ndoo, maji yanatiririka kwenye hogo. "Tunalimwagilia likomae," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Kulwa naye anatikisa kichwa kukubali. Huwezi kumchapa mtoto kwa hesabu kama hiyo.

Nilibonyeza pale kiganjani, hogo likaingia ndani. Jasi iliyokwisha kuganda haihitaji maji tena hata tone. Inayeyuka kidogokidogo, kama gramu mbili kwa lita moja, na ile iliyolowa inalegea na kukosa nguvu. Tukapanda bajaji kurudi hospitali. Walilikata wakaweka jingine, na kwa bahati mifupa ilikuwa haijasogea. Usithubutu kulianika juani au kulikausha kwa moto ukadhani umemaliza. Pamba ya ndani inabaki na unyevu, ngozi inaoza.

Baada ya hapo kuoga kukawa shughuli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nilikata kipande cha ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, nikafunga mkono na kuushika juu kwa kitambaa, bila kukaza, huku mkono wenyewe ukiwa nje ya beseni. Nailoni peke yake usiiamini. Usiku mkono ulilala juu ya mito miwili, mchana ulining'inia kwenye kanga. Kuwasha ndiko kulikomsumbua zaidi. Niliondoa nyumbani kalamu zote na vijiti vya kuchokonolea, nikawa nampepea na kumgongagonga hogo kwa nje.

Kila asubuhi nilibonyeza kucha zake na kuangalia rangi ikirudi, nikamwambia achezeshe vidole vyote. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole baridi, vya bluu au vyenye ganzi, hayo si ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni ya kuondoka hapohapo, hata usiku wa manane.

Kwa ndani ya nyumba fundi alitaka kupiga skimingi ya jipsamu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, vyumba vyote, bafuni na jikoni pamoja. Unga ni uleule wa hogo, jina tu limebadilika. Sebuleni na vyumbani nilikubali, kuta zikatoka laini sana. Bafuni nilikataa, nikaagiza plasta ya simenti na vigae juu yake. Fundi aliniambia bafu lina feni, halitalowa. Nikamwita Kulwa aje na hogo lake la pili. Dari za jipsamu nazo nilizichelewesha mpaka bati lipite kwenye mvua kubwa moja ya kutoka ziwani usiku, ile inayokuja na upepo, tukakuta matundu mawili ya misumari.

Hogo lilitolewa baada ya wiki sita, kama daktari alivyopanga. Msumeno wake unatisha kwa kelele, lakini unatetemeka tu bila kuzunguka, hivyo unakata kigumu na ngozi laini unaiacha. Mkono ulitoka mwembamba, wenye magamba, na kiwiko hakikunyooka. Tulipewa mazoezi ya kukunja, kunyoosha na kugeuza kiganja juu na chini. Jumapili nilimweka Kulwa kwenye unga wa chapati akande kwa mkono huo, Doto akilalamika kwamba zimetoka ngumu. Mawe amekatazwa kwanza, na kupaka rangi nje tumesogeza mbele, maana fundi anasema ukuta bado una unyevu na rangi itabanduka.