Nyekundu Ndiyo Yenye Baridi

Jana usiku nilizima taa zote, nikalala chali nje, macho kwenye kundi la Jabari. Mwanzoni nyota zake zilikuwa nyeupe tupu, kama nilivyozijua tangu utotoni. Macho yalipolizoea giza ndipo nikaona: ile ya begani, Betelgeuse, ina wekundu wa kaa linalofifia, ile ya mguuni, Rigel, weupe wake umeingiwa na samawati. Miaka yote hii zimekuwa juu yangu na sikuwahi kuitambua tofauti hiyo. Imeniuma.

Siri yenyewe ni joto. Chuma kikiwa kwenye moto wa mhunzi huanza kuwa chekundu, kikaingia rangi ya chungwa, kisha manjano, na moto ukizidi kikaukaribia weupe. Nyota nazo ni hivyo hivyo, ila zenyewe huenda mbali zaidi, hadi samawati. Mjerumani Wilhelm Wien alieleza mwaka 1893 jinsi mwanga unavyohama kutoka wekundu kuelekea samawati kadiri joto linavyopanda. Uso wa Betelgeuse una nyuzi kama 3,300 za Selsiasi, Jua letu 5,500, na Rigel inakaribia 12,000. Kwa hiyo nyekundu ndiyo yenye baridi! Akili yangu ilikataa kwanza, maana hata bomba la maji ya moto huwekwa alama nyekundu.

Nikajiuliza mbona hakuna nyota ya kijani. Kumbe Jua hutoa mwanga mwingi sana karibu na kijani, lakini rangi nyingine zote hutoka pamoja nayo, na jicho likizipokea kwa mkupuo huona weupe.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni umri. Nyota kubwa ya samawati huteketeza akiba yake upesi, ikaisha ndani ya mamilioni machache ya miaka, ilhali Jua limepewa takriban bilioni 10. Betelgeuse nayo ilikuwa ya samawati ujanani mwake. Sasa imevimba, uso umepoa, na wekundu ule niliokuwa nikiufurahia ni wa uzee. Niliitazama upya nikijua hivyo, kimya kabisa.

Nyota nyingi zitabaki nyeupe kwetu hata kama zina rangi, kwa sababu sehemu ya jicho inayotambua rangi inahitaji mwanga wa kutosha. Na ile inayometameta nyekundu, kijani na samawati ikiwa chini karibu na upeo, hiyo ni kazi ya hewa yetu, nyota haijabadilika.

Kabla ya kuingia ndani nilikitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota. Nyota zake zinazong'aa ni changa, za samawati, hilo nalijua. Nilikaza macho, nikahisi nimeiona ile samawati, ikanipotea, nikaiona tena. Kesho nitaomba kuazima darubini.